Waacheni watoto walale na kazi ambayo haijaisha

Likizo ikikaribia hapa Nakuru, matangazo ya kambi za watoto hujaa kwenye mageti ya shule na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Kuogelea, kompyuta, mapishi, uchoraji. Nyingi huanza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi jioni, mzazi akampitia mtoto wake akitoka kazini. Kwa kuogelea sina neno. Kwa sanaa nina msimamo, nao ni huu: kambi ya sanaa isiyokuwa na usiku ndani yake ni kipindi cha shule kilichorefushwa. Mtoto na alale palepale kazi yake ilipo. Usiku mmoja unatosha, na miwili ni bora zaidi.

Nianze na udongo. Mtoto wa gredi ya tano anaweza kufinyanga chungu kidogo kwa muda wa saa moja hivi. Anasokota udongo uwe kamba nyembamba, anaizungusha kamba moja juu ya nyingine, anaziunganisha kwa kidole gumba, kisha analainisha nje na ndani. Halafu, bila kuambiwa na mtu, anataka chungu chake kiwe na mkono wa kushikia. Akiubandika saa ileile, chungu bado ni laini na uzito wa ule mkono utauvuta ubavu wake mpaka ubonyee. Akingoja siku tatu, chungu kitakuwa kimekauka na mkono ungali mbichi, na ukija kukauka utasinyaa na kubanduka. Kuna wakati wa katikati ambapo chungu kimekaza kiasi cha kushikika bila kubonyea, lakini bado kina unyevu ndani. Hapo unakwaruza pande zote mbili kwa kijiti, unapaka udongo uliokorogwa na maji ukawa mzito, unabana mkono mahali pake, nao unashika. Ni wakati huohuo unaoweza kukisugua chungu kwa kokoto laini mpaka king'ae.

Wakati huo, ukifunika kazi kwa karatasi ya nailoni jioni, huja asubuhi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi, kwa hiyo udongo haukauki kwa pupa. Wafinyanzi wa upande wa Nyanza na Magharibi, wengi wao wakiwa kina mama, huutambua wakati huo kwa kugusa tu. Mtoto naye anaweza kuanza kuutambua, mradi awepo unapofika. Kwenye kambi ya mchana haupo kabisa. Mtoto anapelekwa nyumbani na chungu kisicho na mkono, au chenye mkono utakaong'oka kabla matatu haijafika Lanet.

Mkaa wa kuchorea nao una mambo yake, na huu naupenda kuliko vifaa vyote. Mkaa wa jikoni ni mgumu mno na unakwaruza karatasi. Ule wa dukani ni ghali. Lakini unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa mkebe wa maziwa ya unga. Watoto huokota vijiti vikavu vyembamba, huviambua maganda, kisha huvipanga ndani ya mkebe vikiwa vimebanana. Mtu mzima anatoboa tundu dogo kwenye kifuniko kwa msumari, anafunga, anautia mkebe kwenye moto uliobaki baada ya kupika chakula cha jioni. Moshi hutoka kwenye lile tundu. Ukikoma kutoka, vijiti vimekuwa mkaa, na mkebe unaondolewa motoni. Sasa sharti ni moja: usifunguliwe. Ukifunguliwa ukiwa moto, hewa itaingia na vijiti vitawaka viwe majivu. Sharti upoe, na njia rahisi ni kuuacha mpaka asubuhi.

Basi watoto wanaenda kulala bila kujua kilichomo. Nimewasikia wakiulizana gizani, kutoka godoro moja hadi jingine, kama vijiti vyao vimeiva au vimeungua. Asubuhi mkebe unafunguliwa kabla ya chai na kila mmoja anapata vijiti vyake, vyeusi na vyepesi, ukivigonganisha vinalia. Mtoto aliyepata mkaa wake kwa njia hiyo havunji kijiti ovyo. Anachora polepole. Anakitunza kwenye kipande cha gazeti na kukiweka mfukoni, na sare ikichafuka basi imechafuka.

Vinyago vya gazeti na gundi ya unga wa ngano navyo vinahitaji usiku ili vikauke kabla ya kupakwa rangi. Sitaeleza zaidi, walimu wengi wanavijua.

Lakini hata kama vifaa vyote vingekauka papo hapo, bado ningetaka watoto walale. Kipindi kimoja cha shule ya msingi, kuanzia gredi ya nne, ni dakika 35. Ondoa muda wa kugawa karatasi, ondoa muda wa kuosha brashi kwenye ndoo moja, uone kinachobaki. Tangu masomo yalipopunguzwa mwaka 2024, uchoraji, muziki na michezo vimewekwa pamoja chini ya somo moja la sanaa bunifu. Siwalaumu walimu hata kidogo. Mwalimu mwenye watoto sitini darasani na boksi moja la krayoni anafanya kazi ambayo wanaoandika mitaala hawajawahi kuifanya. Ninachosema ni kwamba mtoto hujifunza pia lile ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba kazi huisha kengele ikilia. Anachora nyumba, mti, jua pembeni mwa karatasi, ndege wawili, kisha anasema, "Mwalimu, nimemaliza."

Kwenye kambi ndogo niliyosaidia kuendesha, mvulana mmoja alisema hivyo hata kabla wenzake hawajachonga penseli. Sikumrudisha. Tulibandika picha yake ukutani pamoja na za wengine, karibu na walipokuwa wamelaza magodoro, akaenda kucheza mpira. Asubuhi nilimkuta amekwisha kuibandua. Alikuwa amefuta lile jua la pembeni na anaanza kuchora milima chini yake. Nikamuuliza kulikoni. "Mwalimu, jua halikuwa hapo jana. Lilizama kule upande wa Mau." Aliendelea na ile picha mpaka karatasi ikaanza kutoboka kwa kufutwa, tukampa nyingine.

Mimi sikumfundisha hilo, na sidhani kama lingefundishika kwa maneno. Alilala karibu na picha yake, akaamka akaiona kwa macho mapya, akagundua kwamba hailingani na alichokiona. Mchoraji mtu mzima hufanya hivyohivyo kila siku ya maisha yake. Mtoto wa miaka tisa anaweza kulipata jambo hilo kwa usiku mmoja, ila si kwa dakika 35.

Idadi iwe ndogo. Watoto ishirini, wakizidi sana ishirini na wanne, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita. Nimeona kambi kubwa zenye fulana za rangi moja, vyeti vilivyochapishwa mapema na mpiga picha anayepanga watoto kwa urefu. Watoto hufurahi, sikatai. Lakini kwenye kundi la mia moja hakuna anayekumbuka jana ulikuwa umefikia wapi, kwa hiyo kila kazi lazima ianze na kuisha siku hiyohiyo, tena zote zifanane. Ndipo utakuta mwalimu msaidizi anazunguka akinyoosha mistari ya watoto ili wazazi wakija wavutiwe. Hapo mimi hukasirika waziwazi. Tayari nyumbani tunawafanyia kazi za shule: nani hajaona mzazi kwenye saiba, duka la kompyuta, saa mbili usiku akichapisha picha za wanyama ambazo mtoto alipaswa kuzichora? Nani hajasaidia kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani, mtoto akiwa amelala? Kambi isiwe mahali pengine pa mtu mzima kumalizia kazi ya mtoto. Chungu kikiwa kimepinda, kirudi nyumbani kimepinda.

Siku ya pili, baada ya chai na kubandika mikono ya vyungu, wapelekwe Hyrax Hill. Ni kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, ukielekea upande wa Nairobi, na bado nakutana na watoto wa Nakuru ambao hawajawahi kupanda kile kilima. Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba pale mwaka 1937, yakapatikana makaburi na mabaki ya makao ya watu wa kale. Kuna jumba dogo la makumbusho. Lakini kinachowasimamisha watoto ni mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe, safu kwa safu. Wengi wao wanaujua mchezo huo kutoka kwa babu zao, au wameuona ukichezwa. Wanakaa chini kando ya mwamba na kuyachora kwa mkaa wao, bila kuyagusa wala kuyasugua, kwa sababu ni urithi wa taifa. Mkono uliochora jana na asubuhi hii haufanani na mkono uliotoka kwenye basi sasa hivi, na kwenye karatasi utaona tofauti. Kivuli ndani ya shimo kinaanza kuonekana. Ukingo uliolika unaanza kuonekana.

Sasa woga wa wazazi. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, kuchora sawa, lakini kulala hapana." Hakuhitaji kuniambia sababu. Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwenye moto wa bweni la Hillside Endarasha, kule Nyeri, na tangu hapo mzazi yeyote mwenye akili huuliza mtoto wake atalala wapi. Aulize. Na anayeendesha kambi asiyeweza kujibu kwa utulivu, ampe mzazi huyo mtoto wake arudi naye nyumbani. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unaeleza wazi: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, kuwe na nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Ukumbi wa kanisa wenye milango miwili isiyofungwa kwa kufuli, magodoro yaliyoachana, watu wazima wawili wanaokesha kwa zamu, tochi badala ya mishumaa, na moto wa kupikia kuzimwa kwa maji kabla mtoto wa kwanza hajalala: hayo yote yanawezekana kwa watoto ishirini. Kwa mia moja na hamsini ni vigumu, na hii ni sababu yangu nyingine ya kutaka kambi ndogo. Wazazi wakaribishwe jioni waone mahali penyewe. Anayetaka kumpigia mtoto wake simu kabla ya kulala apewe nafasi hiyo.

Swali jingine ni la pesa, na kwangu hili ndilo zito zaidi. Udongo ni bure au karibu na bure. Vijiti ni bure, magazeti ya zamani yapo, karatasi za manila si ghali. Gharama kubwa ni chakula, ukumbi na malipo ya watu wazima wanaokesha. Kambi zikiendelea kupangwa na watu binafsi peke yao, watakaozifaidi ni watoto wa mitaa ya wenye nazo kama Milimani, na mtoto wa mitaa ya kipato cha chini kama Kaptembwa au Bondeni atabaki kuhadithiwa. Kaunti ingeweza kulibadilisha hili kwa kutoa kumbi zake wakati wa likizo bila malipo. Novemba 2021 Nakuru iliingizwa na UNESCO kwenye Mtandao wa Miji Bunifu kwa ajili ya ufundi wa mikono na sanaa za jadi, wiki chache tu kabla haijapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba. Hadhi hiyo inatajwa sana kwenye hotuba. Ningependa itajwe pia kwenye bajeti ya uji na maharagwe ya watoto ishirini kwa siku mbili, kila likizo, katika kila wadi.

Wengine huuliza sanaa itamsaidia mtoto nini baadaye. Huwa nawaambia kwamba Elkana Ong'esa alitoka Tabaka, Kisii, na ndege wake wa jiwe amesimama makao makuu ya UNESCO kule Paris. Huwakumbusha pia kwamba tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo sawa na vile wengine wanavyochagua wa sayansi. Yote ni kweli na ni vizuri wazazi wayajue. Ila ukiniuliza mimi, mtoto wa miaka tisa hapelekwi kambini kutafuta kazi. Anapelekwa apate muda wa kutosha na kitu kimoja, mahali ambapo hakuna anayemharakisha wala kumpa alama.

Kama unafikiria kuandaa kambi ya namna hii likizo ya Agosti, tafuta ukumbi mapema na umwombe mfinyanzi wa kweli aje, hata kama hajawahi kusimama mbele ya darasa. Watoto wabebe blanketi mbili kwa sababu ya baridi, sweta, tochi na shati kuukuu. Na waambie wazazi waje kuwachukua saa kumi jioni ya siku ya pili. Wakija saa tatu asubuhi watawakuta wamepiga magoti kwenye udongo, mikono ya vyungu ndiyo kwanza inabandikwa.