Paka Alivyomlamba Bibi Uso
Nilimchora bibi yangu kwa mkaa siku nne nzima, kwa siri, nikikusudia kumzawadia. Kila kunyanzi niliitendea haki. Shida ya mkaa ni kwamba haushiki karatasi. Umeiegemea tu, kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti. Ukipiga chafya, bibi hayupo.

Dawa ya kupulizia iliyotengenezwa kwa kazi ya kuushikisha mkaa kwenye karatasi ipo. Niliwahi kuishika mkononi, nikasoma bei, nikairudisha mahali pake kwa heshima zote. Mimi ni mtu wa njia za bure. Mjomba nilimhifadhi chini ya godoro, katikati ya gazeti. Miezi kadhaa baadaye nusu ya uso wake ilikuwa imehamia ukurasa wa michezo, na karatasi imegeuka manjano, maana gazeti lina asidi na humwambukiza jirani. Shangazi nilimpulizia dawa ya nywele ya dada yangu. Hiyo inashika kweli, ila nilimpulizia kwa karibu mno akawa ananata. Nzi watatu wanaishi naye hadi leo.

Basi rafiki yangu mmoja, mchoraji, akaniambia wachoraji wa zamani walitumia maziwa. Nikadhani ananitania. Kumbe ni kweli: kaseini, ile protini ya maziwa, ikikauka hugandisha chembe za mkaa, na Van Gogh mwenyewe, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, miaka ya 1880, alikuwa akiimwagia michoro yake maziwa na maji. Nusu ya pili ya habari ni kwamba maziwa yawe yameenguliwa mafuta yote, yazimuliwe kwa maji, yapulizwe manyunyu mepesi kutoka umbali wa kama sentimita 30, yakauke, ndipo urudie. Hiyo hakunieleza. Au alieleza, nami nilikuwa nimeshafika jikoni.

Nilichukua maziwa yenye mafuta yake yote, nikayatia kwenye chupa tupu ya marashi (ya dada yule yule, Mungu amlipe). Nikaminya. Kimya. Utando umeziba tundu. Nikaisogeza hadi puani kwa bibi, nikaminya kwa hasira, ikazibuka na kumtemea donge zima chini ya pua. Nikajiambia litakauka tu. Nikamlaza mezani, nikaenda kulala.

Nyumbani tuna paka, Sultani, ambaye ukimwekea chakula bakulini hukutazama kama umemtukana. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlap, mlap, mlap, taratibu, bila haraka ya maisha. Nikawasha taa. Sultani alikuwa amesimama juu ya kifua cha bibi, ulimi nje, mweusi ti hadi machoni. Mdomo wa juu wa bibi haukuwepo tena. Mahali pake mkaa ulikuwa umeburuzwa kulia na kushoto hadi mashavuni, ukawa masharubu mazito yenye ncha. Shingoni msafara wa sisimizi ulishajipanga vizuri kama mkufu.

Nikiwa bado nawapuliza sisimizi, bibi huyo mlangoni. Wazee hawajui kuchelewa. Akauona mchoro, akausogelea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi natafuta pa kuanzia kujieleza.

"Mjukuu wangu," akasema, sauti inamtetemeka, "umempataje babu yako hivi? Nawe hukumwona hata siku moja!"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Hata masharubu," akasema. "Alikuwa akiyasokota hivi hivi."

Sultani, ambaye ushahidi wote alikuwa nao usoni, akaingia nyuma ya pazia polepole.

Bibi aliondoka na mchoro siku hiyo hiyo. Nilimpa kwanza somo refu: aulaze bapa, aufunike kwa karatasi ya kuokea ili mkaa usisuguliwe, auweke kati ya vipande viwili vya boksi gumu, mbali na jua na unyevu, na selotepu asiiguse kabisa. Akaitikia kila neno, "Ehe. Ehe. Nimekusikia, baba."

Juma lililofuata nilikwenda kumwamkia. Babu alikuwa ukutani, mkabala na dirisha, jua la saa tisa linampiga usoni. Selotepu kona zote nne, na kipande cha tano kwenye paji la uso, asipeperuke. Sebule nzima inanuka maziwa mgando. Na chini yake, juu ya kiti, paka wa bibi ametulia, kamkazia macho, hapepesi.