Rambo Zimepungua, Plastiki Bado Ipo

Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, Juni 1, 2019, wengi walidhani ni moto wa mabua. Katazo limeshika. Rambo zilizokuwa zikining'inia kwenye miiba kando ya barabara zimepungua sana, na faini inayoanzia shilingi 30,000 kwa anayekutwa nazo imechangia. Hapo sina ubishi.

Ubishi unaanzia kwenye mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa. Umetengenezwa kwa polipropilini, yaani nao ni plastiki kwa sura nyingine, tena nzito zaidi. Watetezi wake husema unadumu. Ni kweli, ila kudumu kuna maana ukirudi nao sokoni. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba mfuko wa aina hiyo utumike angalau mara 11 ndipo mchango wake katika ongezeko la joto duniani ushuke chini ya ule wa mfuko mwepesi uliotumika mara moja. Wa pamba, mara 131! Hesabu hiyo, hata hivyo, haigusi mtaro ulioziba wala ng'ombe aliyemeza plastiki, na kwetu hayo ndiyo yaliyouma kwanza. Kwa hiyo bado naliunga mkono katazo.

Kinachonitia shaka zaidi ni vifungashio, vile vijifuko vyembamba visivyo na mikono. Kanuni ziliruhusu plastiki za kufungia bidhaa za viwandani na vyakula vilivyosindikwa; lakini gengeni unafungiwa humo nyanya, dagaa, hata maandazi ya moto. Simlaumu sana muuzaji: mteja anataka cha bure, na mbadala unauzwa.

Chupa za maji zina soko, ndiyo maana waokotaji huzikusanya na kuziuza kwa kilo. Kifungashio chenye mafuta ya maandazi nani akiokote? Ujaze gunia zima, mizani isisogee. Mwisho wake ni mtaroni, au kuchomwa uani pamoja na majani makavu, na moshi wake wenye sumu wanauvuta watoto wa nyumba hiyohiyo. Ukikiosha, ukakikausha na kukitumia tena, umekiongezea siku tu. Hata gari la taka likikichukua, Dar es Salaam kinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Kumwinda mama wa genge ni rahisi; kiwanda kinachovitengeneza ndicho kingelipishwa gharama ya kuvikusanya, ili mwokotaji naye apate sababu ya kuinama.