Vitani Ndiko Cheti Kinakosamehewa

Niliwahi kunyimwa kibarua cha kuhesabu viti vya ukumbi kwa sababu nilikwenda na kopi ya cheti. Viti, jamani! Basi juzi nikasoma kifungu cha 1724 cha sheria za jeshi la Marekani, usingizi ukaniruka.

Ofisa anayesaini mikataba mikubwa ya manunuzi sharti awe na shahada, mafunzo, na uzoefu usiopungua miaka 2. Safi. Shuka chini kidogo, unakutana na waliosamehewa. Aliyekuwa kwenye kazi hiyo ya mikataba kufikia 30 Septemba 2000 hadaiwi. Huyo simgombi, mzee wa watu mwacheni. Lakini yumo pia mwanajeshi anayefanya manunuzi vitani. Huyo Waziri wa Ulinzi anaruhusiwa kumwekea vipimo vingine.

Yaani makao makuu, penye mkaguzi mlango wa pili na mwanasheria mlango wa tatu, tunabana. Jangwani, ambako mkataba unasainiwa jioni na malori yanatakiwa alfajiri, ndiko tunalegeza! Meja John Cockerham alisimamia mikataba ya jeshi Kuwait mwaka 2004 na 2005, mingine ya maji ya chupa tu. Alikula rushwa inayozidi dola milioni 9. Mwaka 2009 akapigwa miaka 17 na nusu. Mkewe na dada yake nao wakafungwa. Na tume ya Jacques Gansler, iliyochunguza manunuzi ya jeshi hilo, ilikuwa imeshasema mwaka 2007: katika kada ya mikataba ya Jeshi la Nchi Kavu, wanajeshi wenye ithibati ya nafasi zao, yaani waliothibitishwa kuwa na sifa zake, walikuwa asilimia 56, raia asilimia 53. Nusu na ushee!

Haya, nakubali kwa shingo upande: shahada haimzuii mwizi. Darleen Druyun alikuwa bingwa wa manunuzi Jeshi la Anga, na bado alifungwa kwa kujitafutia ajira kampuni ya ndege ya Boeing huku akishughulikia mikataba yao. Lakini angalau aliijua kazi aliyoiharibu.

Mtaniambia vita haisubiri mahafali. Afghanistan Wamarekani walikaa kuanzia 2001 hadi 2021. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku waliyoingia alishamaliza chuo kikuu kabla hawajatoka. Dharura gani hiyo ya miaka 20?