Nenosiri Lililoonewa

Ofisi moja ya uwakala wa forodha, hatua chache kutoka bandari ya Tanga, iliniita niiunganishe programu yao na huduma ya wavuti inayotoa taarifa za makontena. Kila wito, yaani ombi ambalo programu hutuma kwa huduma hiyo, ulipaswa kubeba jina la mtumiaji, nenosiri lililosagwa lisisomeke kwa hesabu iitwayo SHA-1 pamoja na namba ya nasibu, na saa ambayo wito huo ulitungwa, kama unavyoelekeza utaratibu wa usalama wa WS-Security uliopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2004. Ijumaa jioni kila kitu kilikubali, nami nikaondoka kifua mbele.

Jumatatu asubuhi nikaitwa mbio. Seva ilikuwa ikikataa kila wito kwa jibu moja tu, kwamba mtumaji hakuthibitishwa, bila kutaja kosa ni lipi. Nikalishuku nenosiri. Nililiandika upya, nikalibadilisha mara nne, nikamtuhumu kijana wa mapokezi kwamba amelichezea (maskini, hata kuigusa kompyuta hiyo haruhusiwi), na usiku nikalala Ngamiani nikiota herufi kubwa na ndogo.

Jumanne nilipotulia ndipo nikausoma ujumbe wenyewe, nikaona umepigwa saa 00:12. Saa ya simu yangu ilionyesha 9:12, na kwa kuwa ujumbe huandikwa kwa majira ya Greenwich, yaliyo nyuma yetu kwa saa 3, ilipaswa kuandikwa 06:12. Seva ile haipokei wito uliochelewa zaidi ya dakika 5. Wetu ulikuwa umechelewa saa 6 kamili.

"Shikamoo, babu," nilimwamkia karani mkongwe. "Nani aliyegusa saa ya mashine hii?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Umeme ulikatika Jumapili, ikapoteza majira yote. Jana nilipofungua ofisi nikairudishia: tarehe ya siku hiyo, saa mbili kamili, nikachagua AM kwa kuwa ni asubuhi."

Nilimweleza kwa utulivu jinsi mashine inavyohesabu saa.

"Yaani wanaanza kuhesabu usiku wa manane, watu wamelala?"

"Ndiyo, babu."

"Basi mrekebishe huko kwenye seva."

Nikaweka betri mpya, ile bapa kama sarafu inayotunza saa umeme ukikatika, nikasahihisha saa, na wito ukapita. Jumatano asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, betri yako mbovu. Ni saa mbili, mashine inasema nane. Lakini usihangaike kuja, nimeshaiweka sawa."