Besi iko wapi?

Sisi washkaji tunaosikiliza deth metali, ule muziki wa magitaa mazito na waimbaji wanaonguruma, tuna ubishi mmoja hauishi, tukikutana watatu tu unaanza upya. Kuna wanaosema ufundi umeua roho ya huu muziki, eti andagraundi ya kweli ni ile sauti chafu ya kaseti ya demo, yaani rekodi ya majaribio, rifu nne nzito (vipande vya gitaa vinavyojirudia) na mtu ananguruma basi. Halafu kuna wanaohesabu, dramu mapigo mangapi kwa dakika, gitaa nyuzi saba au nane, nani kapiga nota nyingi zaidi ndani ya sekunde kumi. Mi nimeshakaa pande zote mbili na nimebishana mpaka sauti ikakauka, na sasa hivi naamini kabisa kwamba wote tulikuwa tunasikiliza chombo ambacho siyo. Tulikuwa tunabishania gitaa na dramu wakati uzuri wa deth metali ya kiufundi uko kwenye besi.

Aliyenifungua masikio wala siyo mtu wa metali. Ni mjomba wangu, alipiga besi kwenye bendi za dansi hapa Dar miaka ya 80, sasa hivi mzee, vidole vimeanza kukakamaa. Jioni moja alikuja nyumbani nikampa chai, nikamwambia mjomba leo usikilize na muziki wangu, nikaweka Human, albamu ya bendi inaitwa Death. Akasikiliza nyimbo mbili kichwa kainamisha, hajasema kitu, mi nikadhani amekereka na ile minguruma. Akainua kichwa akaniambia, "Mjomba, huyo mpiga dramu ni balaa. Ila besi iko wapi?"

Nikamwambia ipo mjomba, kapiga Steve Di Giorgio, ni katika wakali wakubwa kabisa wa besi kwenye metali. Akasema, "Sawa, yuko wapi sasa? Mbona simsikii?" Na mimi nilikuwa nimesikiliza hiyo albamu miaka na miaka, naijua rifu kwa rifu, na sikuwahi kujiuliza hilo swali.

Human ilitoka 1991, ilirekodiwa Morrisound kule Tampa, Florida, studio ambayo deth metali nyingi ya Marekani ilipita kipindi kile. Chuck Schuldiner, kiongozi wa Death, aliamua kukusanya watu wa kiwango kingine, akawachukua mpiga gitaa Paul Masvidal na mpiga dramu Sean Reinert kutoka bendi ya Cynic, vijana wa Miami, na Di Giorgio kutoka bendi ya Sadus ya California. Reinert anapiga dramu kama mtu aliyelala na jazi na kuamka na jazi, ndo maana mjomba alimshtukia mapema. Lakini Di Giorgio kwenye ile miksi ya kwanza amezama, unamsikia vizuri sehemu chache tu ambapo gitaa zimempisha.

Sababu siyo ngumu kuielewa. Uzi mzito wa besi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, ule mzito wa gitaa mara 82. Sasa hawa jamaa wanashusha gitaa, Death walishuka toni nzima mpaka kwenye 73 hivi, na bendi nyingine zinashuka zaidi ya hapo, halafu gitaa inarekodiwa juu ya gitaa ili ukuta uwe mnene, halafu chini kuna dramu za miguu miwili zinapiga bila kupumzika. Wote wamejazana chumba kimoja, na besi ndo mwenye chumba. Kwenye dansi kila chombo kina nafasi yake, solo iko juu, rithim inajaza katikati, besi inatembea chini peke yake na ikinyamaza kidogo kabla ya chemko mwili wako wenyewe unajua kuna kitu kimeondoka. Mtu aliyekulia kwenye bendi za dansi kama Sikinde na Msondo lazima atauliza besi iko wapi, ndo sikio lake lilivyofunzwa.

Baada ya siku ile nikatafuta toleo la 2011 la Human, lile la kampuni ya rekodi ya Relapse, Jim Morris wa Morrisound aliimiksi upya albamu nzima. Nikakaa usiku na hedifoni nikaanza mwanzo. Jamani. Ni kama umekaa kwenye nyumba miaka ishirini halafu siku moja unagundua kuna mtu mwingine anaishi humo. Unasikia vidole vinavyogonga uzi, jamaa anatumia vidole vitatu, na kuna sehemu gitaa linarudia kitu kilekile lakini besi haifuati, inapanda, inazunguka, inarudi chini kumsubiri Reinert. Nilikuwa naisifia hii albamu miaka yote na nilikuwa nimeisikia nusu.

Miaka miwili baadaye, 1993, kwenye albamu iliyofuata ya Death, Individual Thought Patterns, Di Giorgio anakuja na besi isiyo na freti, vile vyuma vya kwenye shingo vinavyotenganisha nota, na safari hii wamemwachia nafasi. Besi isiyo na freti nota haikatwi, inateleza, inakaribia sauti ya mtu, na ikipita chini ya gitaa za Schuldiner na Andy LaRocque unapata huzuni fulani ambayo spidi peke yake haiwezi kukupa hata upige mapigo mia tatu.

Ila kama kuna jina ambalo lingetakiwa lianze kutajwa kwenye kila ubishi wetu ni Roger Patterson wa Atheist, bendi ya Sarasota, Florida hukohuko. Patterson alikuwa hapigi besi kwa kulifuata gitaa, alikuwa analiongoza. Februari 1991 wakiwa wanarudi kutoka ziara gari yao ilipata ajali na akafariki, wakati nyimbo za albamu ya pili zimeshatungwa na yeye ana mkono mkubwa humo. Bendi ikamchukua Tony Choy, aliyekuwa Cynic, akajifunza ile kazi na kurekodi Unquestionable Presence iliyotoka mwaka huohuo. Choy alifanya kazi ya heshima kubwa sana, fikiria unaingia studio kupiga mistari ya marehemu na wenzake wamekaa wanakuangalia. Toleo la 2005 limeweka na demo za kabla ya ajali ambazo Patterson mwenyewe anapiga. Sauti yake ni mbovu, imekwaruza, na besi iko mbele.

Hapo ndo nashindwa kuwaelewa wanaosema ufundi na andagraundi ni maadui. Hizo demo ni andagraundi kuliko chochote na ni za kiufundi kuliko bendi nyingi za leo. Au chukua Demilich wa Kuopio, Finland, Nespithe yao ya 1993, rifu zimepinda kama mizizi, sauti ya muimbaji inatoka tumboni kwa nchi, na bendi ilibaki na hiyo albamu moja tu, hakuna aliyetajirika pale. Na nyie wa kuhesabu mapigo, Onset of Putrefaction ya Necrophagist ya 1999, Muhammed Suiçmez aliifanya karibu peke yake kule Ujerumani na dramu ni za mashine. Hakuna mguu wa mtu mle ndani, na bado mnaipenda, kwa hiyo mnachokipenda siyo mguu.

Mstari wa Patterson haujakatika pia. Jeroen Paul Thesseling alikuwa bendi ya Pestilence kwenye albamu ya Spheres ya 1993 na besi yake isiyo na freti, 2009 unamkuta na bendi ya Obscura kwenye Cosmogenesis, na huko Montreal Dominic Lapointe alipokuwa bendi ya Beyond Creation, albamu ya The Aura ya 2011, ukianza kusikiliza hiyo anza na besi, gitaa utalisikia tu lenyewe. Na tafadhali msisikilizie kwenye spika ya simu. Ile spika ndogo besi haitoi kabisa, halafu mtu anakuja kuniambia deth metali ya kiufundi haina roho wakati roho yenyewe simu imeikata.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba zile demo za Atheist. Nikamuamkia, nikaunganisha spika kubwa, sikumwambia chochote kuhusu Patterson. Hazikupita sekunde thelathini akasema, "Eeh, huyu sasa namsikia." Wimbo ulipoisha akauliza kijana huyu bado anapiga, nikamwambia hapana mjomba, alifariki 1991 kwa ajali ya gari wakitoka ziara. Akanyamaza. Wanamuziki wa dansi wanazijua sana hizo safari za usiku. Halafu akaingia chumbani akatoka na besi yake ya zamani, nyuzi zimebaki tatu, akaipangusa vumbi kwa shati, akaniambia rudisha mwanzo. Kipande cha kwanza alikipata. Cha pili vidole vikagoma, akatikisa kichwa, akasema rudisha tena.