Panya Aliyekwenda Likizo

Kwa wiki tatu nzima niliongoza msako wa panya ofisini kwetu. Hakuna aliyenituma. Nilijiteua mwenyewe, kwa kuwa sipendi kuona watu wakiteseka, na wenzangu waliteseka waziwazi: pua zimekunjwa, madirisha yamefunguliwa mpaka mwisho, leso mkononi.

Yote yalianza siku dada wa meza ya jirani aliposema, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali salama pa kuliweka neno, "Jamani, kuna kitu kimefia humu?"

"Panya," nikajibu papo hapo, kwa uhakika wa daktari aliyekwisha kumpasua marehemu. Mimi mwenyewe sikuisikia hiyo harufu. Lakini kiongozi mzuri huwasikiliza watu wake.

Nikabandika tangazo mlangoni: YEYOTE ANAYEACHA MABAKI YA CHAKULA MEZANI AJUE ANAFUGA PANYA. TUHESHIMIANE. Nikamwita mzee wa usafi mara tatu, nikamlaza kifudifudi nyuma ya kabati la mafaili huku mimi nikimshikia tochi. Mzee amevuka 60, magoti yake yanalia kila akiinama.

"Mwanangu, huku hakuna kitu."

"Hebu angalia vizuri, mzee."

Nikaomba kuhamia meza ya dirishani, nikakubaliwa haraka kuliko ombi lolote nililowahi kutoa katika ajira yangu. Kufika jioni harufu nayo ikawa imehamia dirishani. Nikawaeleza kwamba harufu husafiri na upepo.

Kisha nikaenda likizo siku tano. Niliporudi swali langu la kwanza lilikuwa, "Vipi, panya kapatikana?" Watu wakazitazama kompyuta zao kama zimeanza kutoa unabii. Mzee wa usafi akanishika kiwiko, akanipeleka stoo, katikati ya mafagio na ndoo, akafunga mlango.

"Mwanangu, nikuulize kitu. Huyu ni panya wa namna gani, ukienda likizo naye anakwenda likizo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kicheko changu kikazimika kidogokidogo, kama gari lililoishiwa mafuta.

"Nimelala chini mara tatu," akasema, "na mara zote tatu aliyenishikia tochi ndiye..." Hakumalizia. Alinipigapiga begani, bega la mbali, akafungua mlango ili hewa iingie.

Nikakimbilia chooni kujinusa. Kulia, hakuna kitu. Kushoto, hakuna kitu. Nikafurahi kwa muda wa dakika mbili hivi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba pua huzoea harufu inayokaa nayo siku zote na kuacha kuitangaza, ndiyo maana mwenye kikwapa huwa wa mwisho kupata habari. Mimi nilikuwa wa mwisho, na juu ya hapo nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi.

Nyumbani nikamwuliza mke wangu. "Hivi mimi nanuka?"

Akaweka chini alichokuwa ameshika. Mtu akiweka chini alichoshika kabla ya kukujibu, ujue jibu lina uzito.

"Mume wangu, mwaka juzi nilikupa zawadi gani?"

"Sabuni."

"Mwaka jana?"

"Taulo. Na sabuni."

"Mwaka huu?"

"Sabuni."

"Ulidhani nimeishiwa mawazo?"

Nilidhani ameishiwa mawazo, ndiyo. Niliwahi hata kumlalamikia kaka yake.

Kesho yake nikajimwagia manukato ya waridi kuanzia shingoni hadi kiunoni. Nikaingia ofisini kwa kujiamini. Dada wa meza ya jirani akavuta pumzi, akafumba macho, akavuta tena kwa uangalifu. Hakusema kitu, lakini nilimwelewa: panya alikuwa yuleyule, ila sasa amepata maziko ya heshima na mashada ya maua.

Jaribio la pili lilikuwa limau. Niliwahi kusikia kwamba limau hukata harufu, na sikuwahi kusikia kwamba lisikaribie ngozi iliyotoka kunyolewa. Asubuhi ile nilikuwa nimenyoa makwapa kwa wembe, safi kabisa. Nikakata limau vipande viwili, nikainua mkono wa kushoto, nikasugua. Kuna kitambo kidogo cha ukimya kabla maumivu hayajawasili, kama ngurumo inavyochelewa nyuma ya umeme. Nilitoka bafuni mbio, mikono yote miwili juu, mwilini sina hata taulo. Mke wangu alipoiona ile mikono naye akainua ya kwake, akidhani tumevamiwa. Tukasimama vile kwenye korido, tumesalimu amri wote wawili, tukimsubiri jambazi.

Makwapa yalipopoa nikaenda duka la dawa. Nilinong'ona. "Naomba ile ya kupaka."

"Ya kupaka wapi?" Binti alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuuzia wazee wasiosikia.

Nikamwonyesha kwa macho.

"Aa! Sasa kaka, tatizo lako ni kunuka au ni kutoka jasho jingi?"

"Kwani kuna tofauti?"

Foleni nyuma yangu ikajibu kwa kurudi hatua moja.

Tofauti ipo, na alinieleza mbele ya foleni nzima, Mungu ambariki. Jasho likitoka halina harufu ya maana. Ila kwapani kuna tezi za aina yake, zinazoanza kazi mtu anapobalehe, ambazo hutoa majimaji mazito kuliko jasho la kawaida. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi wakiyapata hayo wanafanya karamu, na kinachonuka ni mabaki ya karamu. Deodoranti huwapunguza hao bakteria na kuifunika harufu, lakini jasho litatoka vilevile. Kizuia jasho ni kitu kingine: kina chumvi za alumini, zikikutana na jasho hufanya kama utomvu unaoziba vijitundu vyake kwa muda.

"Na ufungashaji hufanana," akasema, "watu wananunua hiki wakidhani kile. Soma nyuma. Ukiona alumini, ndicho. Kinapakwa usiku kwapa likiwa kavu kabisa, siyo asubuhi umetoka kuoga unachuruzika maji, unapaka unakimbia kazini. Na usipake ulipotoka kunyoa."

"Hilo la kunyoa nimeshaelewa."

"Na hilo shati ni poliesta?"

Nikajitazama. Nilikuwa na mashati sita, yote poliesta, niliyoyanunua kwa sababu hayataki pasi. Kumbe pamba hukiachia kikwapa kikifuliwa, poliesta hukitunza kama hati ya shamba. Unalifua shati, linanukia vizuri kwenye kamba, unalivaa, likipata joto la mwili nusu saa tu, jana yote inarudi.

Nikanunua vyote viwili. Kizuia jasho cha usiku, na deodoranti ya kukaa nayo kazini.

Usiku ule sikulala, nilikuwa nikisoma habari za makwapa. Nikakutana na habari ya jeni moja, ABCC11: watu wenye aina fulani ya jeni hiyo, ambao ni wengi sana Asia Mashariki, hawana kikwapa cha kutaja, na dalili yao ni kwamba nta ya masikio yao ni kavu, ya ungaunga. Nikainuka nikachukua pamba, nikachokonoa sikio, nikaitazama chini ya taa. Nta laini, ya rangi ya asali, inang'aa. Nikalirudia la pili, kama mtu anayekata rufaa. Laini vilevile.

Nikajifariji na historia. Deodoranti ya kwanza kupewa jina la biashara iliitwa Mum, ya mwaka 1888 kule Philadelphia, nayo ilikuwa ya kuchota kwa vidole na kujisiriba. Ikaja Odorono, iliyotokana na dawa ya daktari mmoja aliyetaka mikono yake isitoke jasho akiwa anapasua wagonjwa. Ilikuwa nyekundu, na tindikali yake ilitafuna nguo. Mtu alichagua: anuke, au atoboke shati. Kisha mtu akaitazama kalamu ya wino, ile yenye kijigololi kwenye ncha, akafikiria kwapa. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja za kuviringisha. Kwa hiyo makwapa na vifaa vya ofisi ni ndugu wa damu. Ningekuwa na akili ningelishika hilo.

Deodoranti yangu ya kazini ilikuwa ya kijiti. Spreyi niliikataa kwa sababu chooni inapiga "fsss" mpaka mapokezi wanajua uko wapi na unafanya nini. Kijiti hakisemi. Hata hivyo niliona haya mtu akifungua droo yangu akaikuta, nikaibandua lebo yote, nikaikwangua kwa kucha mpaka ikabaki kichupa cheupe cha plastiki, cha kuzungusha kitako, kisicho na jina wala kabila. Nikakilaza kwenye droo, karibu na gundi ya kijiti ya ofisi, ambayo lebo yake ilikuwa imekwisha kubanduka yenyewe kwa uzee.

Siku ya kikao cha mwezi nilichelewa. Nikavuta droo, nikachopoa kichupa, nikatia mfukoni, mbio chooni. Nikafungua vifungo viwili nikapaka. Kilikuwa cha baridi, na kikavuta ngozi kidogo. Nikajiambia, hii leo inafanya kazi. Nikapaka mara mbili kila upande, na mara ya tatu kwa ajili ya panya.

Kikaoni nikaketi karibu na dada wa zamani wa meza ya jirani. Akanigeukia. Akavuta pumzi, safari hii bila woga.

"Leo unanukia kama daftari jipya," akasema.

Nilikaribia kulia. Ilikuwa sifa ya kwanza kupata tangu msako uanze. Nikakaa wima, nikabana mikono mbavuni kwa heshima, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu gundi inachotaka ni kubanwa tu.

Kama dakika ya kumi nikataka kugeuza karatasi na mkono ukakataa. Nikafikiri nimekufa ganzi. Nikajaribu wa pili, nao ukasema uko pale pale. Bosi akamaliza maelezo yake, akavua miwani.

"Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono kumi na moja ikapanda. Wangu ukapanda hadi usawa wa meza, kiwiko kikiwa kimeng'ang'ania mbavuni, kiganja kikipepea peke yake kama bawa la kuku aliyevunjika.

"Huo mkono," bosi akauliza, "ni ndiyo, au ni nusu?"

Nikaona bora niumie mara moja. Nikaunyanyua kwa nguvu zote. Kwapa likasikika, kraaa, kama mtu anayebandua utepe kwenye boksi, lakini shati halikubanduka. Likaufuata mkono. Likachomoka kwenye suruali, likapanda nao mpaka juu, na kitovu changu kikahudhuria kikao bila kualikwa. Mbele yangu, juu ya kumbukumbu za kikao kilichopita, vikaanguka vijiviringo vya kijivu, kama uchafu wa kifutio, kimoja kimoja, bila haraka.

Dada akaokota kimoja. Akakifikicha kati ya vidole.

"Hii si gundi?"

Ningeweza kusema ni ugonjwa. Watu wangenionea huruma, pengine ningechangiwa hata pesa. Lakini kabla sijafungua kinywa mlango ukafunguliwa, kijana wa masijala akachungulia, mkononi kashika risiti kadhaa na kichupa cheupe.

"Samahani sana wakuu. Kaka, nilichukua gundi yako asubuhi mezani kwako. Mbona haishiki? Nimepaka risiti zote hazishiki. Zinanukia tu."

Bosi akanyoosha mkono, akapokea risiti moja, akainusa. Akampitishia mhasibu. Mhasibu naye akainusa, akatikisa kichwa kukubali, akampa wa pili. Zile risiti zilizunguka meza nzima.

Gundi ile, kwa taarifa yenu, hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Za kutosha nilikuwa nazo, za miaka mitatu. Mashati ya poliesta niliyageuza matambara. Kizuia jasho napaka usiku, kwapa nimelipepea kwa gazeti mpaka limekauka kabisa, na mke wangu mwaka uliofuata akanipa viatu.

Juzi nikiwa mezani nikaisikia. Nzito, tamu kidogo, yenye kukaa kooni. Nikatazama kulia na kushoto: wenzangu walikuwa wanafungua madirisha, na hakuna aliyenitazama, kwa adabu ile mbaya ya watu wanaojua. Sikusema neno. Nikaenda chooni nikanawa makwapa, nikajifuta, nikapaka, nikasoma kwanza lebo. Nikarudi, bado ipo. Nikaenda tena. Mara ya nne nilitoka nimevaa shati la akiba, nimeloa hadi shingoni, nikiwaza kuacha kazi.

Nikamkuta mzee wa usafi amesimama kando ya kabati la mafaili. Magoti ya suruali yake yalikuwa na vumbi, na mkononi alishika kizoleo kilichofunikwa gazeti. Chini ya gazeti ulichomoza mkia.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "njoo uone. Safari hii ni yeye."