Vishay inakula wenzake, sawa, lakini nani alikuwa anauza?

Juzi niko kwa fundi wa redio hapa Busia upande wetu wa Uganda, TV ya jirani ilipigwa na radi na sasa haisikii rimoti. Fundi akafungua, akanionesha kale ka-jicho keusi ka miguu mitatu, akasema, "Mzee, hii ni TSOP1738 ya Telefunken, lakini Telefunken ya zamani hakuna tena, siku hizi ni wale Wamarekani wa kula makampuni ya wenzao." Hao Wamarekani ni Vishay, watengenezaji wa vipuri vidogo vya elektroniki, na hiyo habari ya kula ndiyo watu huanzia na kuishia hapo hapo.

Wanakula kweli, siwezi kukataa. 1985 walianza kuinunua Dale ya Nebraska, kampuni kubwa kuwaliko wao wenyewe, alafu Draloric ya Ujerumani, Sfernice ya Ufaransa, 1992 Sprague, 1993 Roederstein, 1998 wakachukua asilimia 80 ya Siliconix pamoja na semikondakta za Temic ambamo ndimo ilimokuwa ile Telefunken ya fundi wangu, 2001 General Semiconductor, 2002 BCcomponents iliyokuwa zamani ya Philips, 2007 kipande cha International Rectifier. Na kazi nyingi za Ulaya na Marekani zikahamishiwa Israel na Czech kwenye mishahara ya chini, tena Israel serikali ikiwapa ruzuku. Mjerumani aliyepoteza kazi hapo, utamwambia nini?

Wanaowapinga Vishay wana hoja nyingine nzito ambayo sisi wa huku inatuhusu, tantalamu, ile chuma ya kwenye madini ya koltani tunayoijua kwa mabaya ya vita vya Congo. Kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme) za tantalamu ndizo zilikuwa moyo wa Sprague, kwa hiyo ukiinunua Sprague umenunua na njaa yake. Mwaka 2000 simu zimechangamka, bei imepaa, Vishay wakaingia mikataba ya miaka kadhaa na Cabot, wauzaji wa unga wa tantalamu, kiasi kimewekwa na bei ya juu imewekwa, 2001 soko likaanguka na bado wanalazimika kuchukua unga kwa bei ambayo sokoni hakuna anayelipa. Stoo imejaa, vitabu vinaandika hasara. Mkubwa akikosea anakosea kwa ukubwa wake.

Sasa mimi swali langu ni moja, hao waliouza walisukumwa na nani? Temic ilikuwa mikononi mwa Daimler-Benz, watu wa magari, wao ndio walitaka kutoka kwenye hiyo biashara. Philips walishaachana na kapasita na rezista zao kabla Vishay hawajafika. Mlango haukuvunjwa, ulikuwa wazi na bei imebandikwa. Hata ukisoma haraka utadhani Vishay ndio walifunga kiwanda cha Sprague kule North Adams, Massachusetts, mji mzima ulikuwa unakula kwa kile kiwanda, kumbe kilifungwa 1985, miaka saba kabla Vishay hawajanunua chochote cha Sprague.

Na tuache ile kauli ya watu kwamba Vishay hawajawahi kubuni kitu. Felix Zandman alianza na rezista (kipuri cha kuzuia umeme) ya foili: karatasi nyembamba ya chuma imegandishwa juu ya kauri, ikipata joto ukinzani wake unapanda, lakini kauri haitanuki kama chuma kwa hiyo inaibana, na kule kubanwa kunashusha ukinzani, hivi viwili vinamalizana. Huyo mzee wakati wa Wanazi alijificha miezi 17 shimoni chini ya nyumba ya familia ya Puchalski karibu na Grodno, Belarus ya leo, mjomba wake anamfundisha hesabu gizani. 1962 akaanzisha hii Vishay na Alfred Slaner, wakaiita jina la kijiji cha Lithuania ambako jamaa zao waliuawa. Labda naota tu, lakini naona mtu wa namna hiyo hawezi kufuta majina ya watu kirahisi, na kweli Dale, Draloric, Sfernice, Siliconix bado yanasomeka kwenye karatasi zao za maelezo ya vipuri hadi leo. Familia yake pia imeshika hisa ambazo kila moja ina kura kumi, wengine wanalalamika, basi walalamike.

Kwa fundi faida haina falsafa. Transista ya IRF840 ya kwenye pawa saplai, ile herufi IR ni ya International Rectifier, leo ukitafuta karatasi yake unakuta Vishay. Diodi za 1N4007 Vishay wanazo kupitia General Semiconductor. Na TSOP1738 yenyewe haitengenezwi tena, ila wadogo zake wapo, TSOP38238 inasikia masafa yale yale ya rimoti, kilohezi 38, shida yake miguu imepangwa tofauti, ile ya zamani mguu wa kwanza ni ardhi, hii mpya ardhi iko katikati.

Fundi wangu analijua hilo kuliko mimi. Alitoa mpya kwenye kopo la maziwa ya unga, akapinda miguu ikapishana, mmoja akauvalisha kamrija ka plastiki alikokavua kwenye waya ili isigusane, akapiga solda. Jirani akabonyeza rimoti, ikaitika.